UZI: Tope la hori na mikoko yetu lipimwe kabla halijachimbwa wala kufukiwa (Funguni, Maruhubi, Chwaka, Wete)

MwanaWaHori (mleta uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Kila unapozuka mjadala wa uchafu wa bahari yetu, hutokea mtu akaleta majibu ya vipimo vya maji. Maji yamechotwa, yamepelekwa maabara, hayana neno, basi mjadala umefungwa. Kwa kinyesi na vijidudu vyake sawa, maji yatakwambia kitu. Lakini kwa metali nzito, nakusudia risasi, zebaki, kadimiamu, shaba, zinki na kromiamu, maji ni shahidi dhaifu mno. Nimesomea kemia ya bahari na nafanya kazi maabara. Jambo hili linanikera muda mrefu, ndiyo maana nimeamua kulifungulia uzi.

Metali hizi hazikai majini. Mvua ikipiga mjini, huteremka na maji ya mitaro zikiwa zimejishika kwenye chembe za udongo, masizi na takataka zilizooza. Zikifika kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, maji yanapunguza mwendo, mizizi ya mikoko inayakwaza, na ile chumvi inafanya chembe za udongo zigandane na kuzama. Maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, yanakwenda zake. Tope linabaki. Kwenye maji tunahesabu mikrogramu kwa lita. Kwenye tope tunahesabu miligramu kwa kilo, yaani mara elfu. Unaweza kuchota maji masafi kabisa juu ya tope lililojaa risasi, na karatasi ya maabara ikaandika "salama" bila ya kusema uongo.

Kwa asiyewahi kulitazama tope hilo kwa karibu: nenda kwenye mikoko maji yakishapwa, didimiza bomba la plastiki, ziba juu, kisha livute. Linatoka na nguzo nzima ya tope. Juu kabisa pana ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, milimita chache tu, kwani hapo ndipo hewa inapofika. Chini yake ni jeusi tii na linanuka yai viza. Weusi ule na harufu ile ni kazi ya bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, wakatoa salfaidi. Salfaidi hiyo huzikamata risasi, shaba, zinki na kadimiamu na kuzifunga humo. Maadamu hewa haijafika, nyingi ya metali hizo zimetulia.

Sasa kata mikoko. Au leta mashine uchimbe hori lipite chombo, tope ulimwage juani. Hewa inaingia, salfaidi inaharibika, inazaa tindikali, na kilichokuwa kimefungwa kinaachiwa kwa mkupuo. Ndio msiba wenyewe. Uchafu wa miaka hamsini unaweza kufunguliwa kwa kazi ya wiki moja, na waliofanya hivyo wakawa hawana habari kwa sababu hakuna aliyepima.

Zebaki ina tabia yake mbaya zaidi. Ndani ya tope lisilo na hewa, bakteria wale wale huigeuza ikawa methili-zebaki, na hiyo hupanda kutoka kiumbe mdogo kwenda mkubwa mpaka kwenye papa na jodari tunaokula.

Ninachotaka ni hiki. Kabla ya kuchimba, kufukia au kukata mikoko kwenye hori lolote la visiwa hivi, tope lipimwe, tena kwa kina, tabaka kwa tabaka, si kijiko cha juu tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015 imeshaweka tathmini ya athari za mazingira. Humo ndimo kipimo hiki kinapotakiwa kukaa, na wananchi waonyeshwe matokeo.

Shangani_Baba

Ndugu, nakuheshimu kwa elimu yako lakini unatutia hofu bure. Hivi Zanzibar ina viwanda gani? Hatuna migodi, hatuna viwanda vya ngozi wala vya chuma. Risasi itoke wapi? Watalii wanasoma humu, kesho utasikia bahari ya Zanzibar ina sumu. Mambo ya mto Msimbazi wa Dar es Salaam tuwaachie wa Msimbazi.

MwanaWaHori

Bwana Shangani, swali lako ndilo la kila mtu, acha nilijibu kwa urefu.

Si lazima pawe na kiwanda. Betri moja ya gari ina risasi ya kilo kumi hivi. Sasa hesabu gari, pikipiki, na nyumba zenye sola. Tairi la gari lina zinki ndani ya mpira, kiasi cha gramu moja katika kila mia, na inasagika barabarani kila siku. Oili ya injini hutiwa zinki kiwandani ili kulinda vyuma. Wanaokumbuka giza la kukatika umeme la Mei 2008, na lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua majenereta yalivyovuma kila uchochoro. Oili chafu yake ilimwagwa wapi? Mabati ya mapaa yetu yamepakwa zinki, na kila mvua inaondoka nayo kidogo. Mji Mkongwe mabomba yake ya maji machafu yanatoka moja kwa moja baharini. Na vile vipodozi vya kujichubua: baadhi vina zebaki, na mtu akioga inakwenda na maji. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umevitia vipodozi hivyo kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa sokoni, ujue si jambo dogo.

Halafu kuna risasi ya petroli. Nchi zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001. Kabla ya hapo, kila gari lililopita Darajani au Mlandege lilikuwa linatoa vumbi la risasi, miaka nenda miaka rudi. Risasi haiozi. Vumbi lile lilisombwa na mvua, na njia ya maji ya mjini tunaijua: hori lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambalo sehemu yake kubwa ilifukiwa zama za Waingereza, na mabaki yake ni Funguni na lile bwawa la Bwawani. Ukiniuliza pa kupima mwanzo, nitakwambia hapo, kisha Maruhubi.

Kuhusu watalii: mgeni anakaa wiki akaondoka. Anayekula kombe na kaa wa hapa kila bamvua ni mtoto wa hapa. Mimi namuandikia huyo.

GarejiYaAmani

Mie fundi wa magari, nathibitisha suala la betri. Betri ikifa, watu wananunua zile sahani za ndani. Maji yake ya asidi yanamwagwa mtaroni, palepale mlangoni. Risasi inayeyushwa kwenye sufuria juu ya mkaa, inatiwa kwenye vikalibu vya mchanga, inatoka chubwi za wavuvi. Nimeona vijana wanafanya hivyo uani, watoto wanacheza pembeni, na moshi ule mweupe unaingia ndani. Sufuria ile ile kesho ukiikuta na maharage usishangae. Hivi moshi ule nao ni hatari, au ni ile asidi tu?

MwanaWaHori

Moshi ndio hatari kubwa kuliko asidi, ndugu yangu. Ile ni risasi yenyewe imepanda hewani. Inavutwa, na inayobaki inatua kwenye udongo wa ua. Mtoto anatambaa, anatia mkono kinywani. Mwili wa mtoto huichukua risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, kwa sababu mwili huidhania ni kalsiamu. Inaingia kwenye mifupa ikakaa miongo, na inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Tafadhali waambie wale vijana wasiyeyushie nyumbani kabisa, na sufuria ile isirudi jikoni kwa hali yoyote. Betri iuzwe nzima kwa mnunuzi wa chakavu, maji yake yakiwa ndani, isipasuliwe uani.

Ua ule unaishia mtaroni, mtaro unaishia kwenye hori. Hivyo ndivyo chubwi inavyofika kwenye mikoko hata kabla haijafungwa kwenye mshipi.

BintiMvita

Poleni jirani zangu. Sisi Mombasa haya tumeyaona kwa macho. Mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ukutani mwa nyumba za watu, kikafungwa 2014 watu wakiwa wameshaathirika. Phyllis Omido, mama aliyekuwa akifanya kazi humo, mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi mwilini. Akasimama, akakamatwa, hakunyamaza, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi 2020 iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Pesa hazimrudishi mtu aliyekufa. Pimeni sasa mkiwa bado mnauliza maswali.

MamaKombe_Chwaka

Mwanangu MwanaWaHori, sisi kina mama wa Chwaka na Marumbi tunaokota kombe na chaza toka bibi zetu. Maji yakitoka bamvua tunafika mbali. Hayo unayosema yananitia wasiwasi maana wajukuu ndio wanaokula. Je, tukiwaloweka usiku kucha wakatapika mchanga, na tukawachemsha sana, sumu inatoka? Au tuache?

MwanaWaHori

Shikamoo mama yangu. Msiache.

Kuloweka kunatoa mchanga na baadhi ya vijidudu. Kuchemsha kunaua vijidudu vilivyobaki. Metali haitoki kwa kulowekwa wala kwa moto, wala kwa ndimu. Kombe akishaihifadhi nyamani huchukua wiki nyingi, hata miezi, kuipunguza, tena akiwa kwenye maji na tope safi. Kwa hiyo kinga yote iko kwenye mahali pa kuokota. Ghuba ya Chwaka iko mbali na bandari na mitaro ya mjini, na msitu wake wa mikoko pamoja na Jozani uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2004. Kwa hilo mna heri kuliko anayeokota karibu na Malindi ya hapa mjini. Ninachowaomba ni kuepuka mahali vyombo vinapopandishwa kukwanguliwa rangi, mdomo wa mtaro, na karibu na jaa. Kaa wa mikoko wampikie watoto lakini ile sehemu laini ya kahawia ndani ya gamba wasipewe. Hapo ndipo kadimiamu inapojikusanya, na figo ndizo zinazolipa.

Wenzetu wa Ulaya hawaruhusu risasi kupita miligramu 1.5 kwa kilo ya kombe mbichi, na kadimiamu isipite 1. Kombe wa Chwaka wakipimwa sambamba na tope lao, mtakuwa na jibu lenu wenyewe mkononi, na hata bei mnaweza kuidai kwa karatasi hiyo.

MamaKombe_Chwaka

Marahaba. Basi hilo la kupimwa tunalitaka. Ile sehemu ya kaa ndiyo wanayoigombea, nitawaambia.

NahodhaMstaafu

Hapo kwenye vyombo nitie neno. Zamani jahazi tulikuwa tunalipaka deheni chini, mafuta na chokaa, na sifa, yale mafuta ya papa, juu. Linanuka, lakini hapakuwa na kemikali. Sasa ni rangi za madukani za kuzuia viumbe visigande, nyekundu ile. Tunapandisha chombo maji makubwa, yakipwa tunakwangua, maganda ya rangi yanaanguka pale pale mchangani, maji yakirudi yanachukua. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na nimeona kila bandari inafanya. Ndani yake mna nini?

MwanaWaHori

Mzee wangu, rangi nyekundu ile kwa kawaida ni oksidi ya shaba. Shaba inaua chochote kinachotaka kuganda, na haibagui. Zamani kulikuwa pia na rangi zenye metali ya bati, zile za tributili, zilizokuwa kali kiasi cha kuwafanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa uliozipiga marufuku ulipitishwa 2001 na kuanza kazi 2008. Shaba ndiyo iliyobaki. Suluhisho la kukwangua ni turubai tu: litandikwe chini ya chombo kabla ya kazi, maganda yakusanywe, yasirudi majini. Gharama yake si kitu mbele ya bei ya rangi yenyewe.

Mwanafunzi_Tunguu

Kaka, nafanya utafiti wa mwaka wa mwisho. Nimesoma kwamba kupimia uchafu wa metali kwenye tope tunatumia kielezo cha Müller cha 1969, na thamani za asili, yaani kiasi cha metali kabla ya uchafu wa binadamu, tunachukua wastani wa dunia wa mwamba wa tope, lile tope la kale lililogeuka jiwe. Msimamizi kaniambia ni sawa. Nikifanya hivyo Unguja nitakosea?

MwanaWaHori

Swali zuri kuliko yote, na hapa ndipo tafiti za visiwa vya matumbawe zinapopotea njia.

Kielezo kile ni rahisi: unachukua kiasi ulichopima, unagawa kwa 1.5 ya kiasi cha asili, kisha unatafuta logi ya msingi wa 2. Chini ya 0 ni safi, 0 mpaka 1 uchafu mdogo, kuendelea mpaka juu ya 5 ambapo hali ni mbaya kupita kiasi. Mzigo wote uko kwenye kile "kiasi cha asili". Wengi huchukua jedwali la 1961 la mwamba wa tope: zinki 95, shaba 45, risasi 20, zote miligramu kwa kilo. Lakini mchanga wetu mweupe si mwamba wa tope. Ni matumbawe na magamba yaliyosagika, chokaa tupu. Jedwali hilo hilo linatoa miamba ya chokaa: zinki 20, shaba 4, risasi 9.

Tuseme umepata zinki 60. Kwa mwamba wa tope: 60 gawa kwa 142.5, logi yake ni kama -1.2. Unaandika "safi". Kwa chokaa: 60 gawa kwa 30, ni 2, logi yake ni 1. Unaandika uko kwenye mpaka wa uchafu wa wastani. Tope ni lile lile, bomba ni lile lile, maabara ni ile ile. Nusu ya visiwa vinaweza kutangazwa safi kwa kosa la jedwali.

Usichukue jedwali lolote kwa upofu. Chukua nguzo ndefu ya tope, tabaka za chini kabisa, za kabla ya magari, ndizo ziwe asili yako. Umri wa tabaka unaupata kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi ya asili, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi, kwa hiyo inakupeleka nyuma kama miaka mia. Pima aluminiamu pia ili utofautishe udongo na mchanga, na uchekeche chembe za chini ya mikromita 63, maana humo ndimo metali zinamojishika. Aliyepima mchanga mzima wa ufukweni amepima chokaa.

Ukitaka kujua madhara kwa viumbe, kuna miongozo ya Marekani ya 1995: risasi chini ya miligramu 46.7 kwa kilo ya tope madhara ni nadra, juu ya 218 ni ya mara kwa mara. Itumie kama taa ya kuanzia, iliwekwa kwa bahari zao.

Mwanafunzi_Tunguu

Ahsante sana kaka. Naanza upya na thamani za asili, msimamizi nitamuonyesha hesabu hii.

MpembaWaWete

Na sisi Pemba je? Huku udongo ni tofauti kabisa. Tuna vilima, mabonde ya mpunga, mito kweli ya maji matamu inayoingia kwenye mikoko. Tope letu la Wete ni zito, la udongo, halina mchanga mweupe kama wa Paje.

MwanaWaHori

Umeshajijibu nusu, ndugu yangu. Udongo mzito wa Pemba una metali zake za asili nyingi kuliko chokaa ya mashariki ya Unguja, hasa chuma. Ukitumia asili ya Chwaka kulipimia tope la Wete, utatangaza Pemba imechafuka wakati ni udongo wa vilima tu umeteremka na mvua. Kila hori lisomwe kwa tabaka zake lenyewe. Na Wete, Mkoani na Chake zina jambo moja linaloomba haraka: miji inakua na hori bado halijaguswa sana, kwa hiyo kipimo cha leo ndicho kitakachokuwa ushahidi kwa watakaokuja.

Shangani_Baba

Nimesoma yote. Kuhusu chanzo umenijibu. Lakini tukipima tukakuta sumu, si ndio tutalazimika kuchimba tuisafishe? Na wewe hutaki kuchimbwa.

MwanaWaHori

Ndiyo maana nataka ijulikane kwanza iko wapi na kwa kina gani. Minamata, Japani, maradhi ya sumu ya zebaki yalitambuliwa rasmi 1956. Kusafisha ghuba kulianza 1977 na kumalizika 1990. Waliondoa au kufunika tope la mita za ujazo kama milioni moja na nusu, lile lenye zebaki zaidi ya sehemu 25 kwa milioni, kwa gharama ya karibu yeni bilioni 48, na wakazalisha ardhi mpya ya hekta 58 juu ya lile tope. Ile ni Japani na pesa zake. Sisi hatuna uwezo huo, na kwa tope la kiasi cha kawaida haihitajiki. Mara nyingi lililo bora ni kuziba chanzo, kuiacha mikoko isimame, na kulipa tope jipya safi nafasi ya kulifunika la zamani. Tabaka chafu likizikwa sentimita thelathini, arubaini, chini ya mizizi hai, halimdhuru mtu. Likifukuliwa bila ya kupimwa ndipo tunapoanza hesabu za Minamata.

Shangani_Baba

Hapo nimekuelewa. Tena lipimwe.

MtumbwiMaruhubi

Mimi nakaa karibu na mikoko ya Maruhubi na nna mtumbwi. Mtu wa maabara akitaka kuingia ndani mimi nampeleka. Niambie tu nitayarishe nini.

MwanaWaHori

Allah akujaze kheri. Tuingie bamvua, maji yakiwa yanapwa, tutoke kabla hayajarudi. Mabomba na vifuniko nitaleta mimi. Kisu kiwe cha plastiki, cha chuma kitatuchafulia kipimo. Kila nguzo tutaikata sentimita mbili mbili, tutaondoa ule ukingo uliogusa bomba, na kila kipande kitaingia mfuko wake na jina la mahali, tarehe na kina. Barafu kwenye boksi, tafadhali, na tope lisiachwe juani. Mwanafunzi wa Tunguu, kama umo, njoo nasi, hizo tabaka za chini ndizo unazozitafuta. Mama wa Chwaka, kombe wenu watafuata bamvua inayokuja, waokoteni kama mnavyookota siku zote, mahali palepale, msichague wakubwa.